Jinsi ya Kuwa Sykes wa Maana

Tuchukulie jina lako la ukoo ni Sykes. Hukulichagua wala hukulinunua. Ulilikuta kwenye cheti cha kuzaliwa, ukalisaini miaka nenda miaka rudi, na mpaka juzi mlikuwa mnaishi kwa amani. Kisha jirani yako wa hukohuko Uingereza akakukaribisha chai, akakueleza bila kuulizwa kwamba jina lake yeye lilivuka bahari na William Mshindi mwaka 1066 na likapigana Hastings juu ya farasi. Ukarudi kwako, usingizi ukagoma. Kwa nini kwenu hakuna hata picha moja ya babu aliyevaa deraya?

Usihangaike. Mwongozo huu ni wako, na ameuandika mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako kazi ya kujitafutia asili tunaifahamu barabara. Kwetu zilikuwepo zama, toka Lamu hadi Kilwa, ambapo kumpata mtu anayekiri kwamba babu zake walikuwa hapohapo siku zote wakivua changu ilikuwa taabu. Wote walitoka Shirazi. Tarehe ya Kilwa haikuishia kusema walikuja tu. Imetaja na vyombo: saba, baba na wanawe sita, kila mmoja na jahazi lake, kila jahazi na bandari yake. Huo ndio ufundi. Mtu akizidisha maswali, mpe idadi ya majahazi.

Elewa pia tangu mwanzo kwamba nasaba haitafutwi, inachaguliwa. Ukirudi nyuma vizazi 10 una nafasi za mababu na mabibi 1,024, na jina la ukoo linamfuata mmoja tu kati yao: baba wa baba wa baba, mpaka mwisho. Wale 1,023 waliobaki, ambao wamechangia pua yako na magoti yako mabovu kwa kiasi kilekile, jina limewaacha njiani bila kuaga. Watu wasiojua kazi huiona hii kasoro. Ni neema. Ikiwa jina lenyewe limeshawatupa 1,023, nani atakulaumu wewe ukimtupa na huyo mmoja aliyebaki, iwapo hafai mbele ya wageni?

Na hafai. Ndiyo maana ushauri wa kwanza ni kutoulizia kabisa jina lina maana gani. Majina ya ukoo ya Waingereza yako mafungu manne. Kuna ya kazi, ndiyo haya kina Smith, wahunzi, walio wengi kuliko wote. Kuna ya baba, kina Johnson. Kuna ya maumbile na utani, kina Short, wafupi. Na kuna ya mahali. Mwenye jina la kazi anajua angalau babu yake alimiliki nyundo. Wewe umeangukia mahali, na mahali penyewe, uniwie radhi, ni mtaroni. Kaskazini mwa Uingereza sike ni kijito chembamba kinachojipitia kwenye majimaji, kina maji wakati wa mvua na tope siku zilizosalia, na mara nyingi ndicho kilichowekwa kuwa mpaka baina ya shamba na shamba. Neno walikuwa nalo Wasaksoni, walikuwa nalo pia Waviking waliokuja baadaye, na wote walimaanisha hilohilo. Hakuna pa kuchomokea.

Mwaka 1379 serikali ya Mfalme Richard II ilikuwa na vita Ufaransa na hazina inayovuja, ikatoza kodi ya kichwa; mtu wa chini kabisa alitakiwa peni 4. Daftari za kodi hiyo zimesalia vizuri kwa upande wa West Riding, magharibi mwa Yorkshire, na wachunguzi wa majina hawazichoki. Mweke karani kwenye benchi, mikono imemganda kwa baridi, mbele yake foleni ya kina John. Hawezi kuandika John, peni 4. John, peni 4. John, peni 4, halafu atarajie kumjua aliyekwepa.

"John yupi?"

"Yule wa kule mtaroni."

Karani akaandika. Basi, historia yako ndiyo hiyo, imekwisha kabla chai haijapoa. Hakupewa jina kwa sababu ya ushujaa. Alipewa ili adaiwe vizuri.

Lakini usikate tamaa, maana kuna waliokutana na mtaro huohuo wakauvuka bila kulowa. Familia tajiri ya Sykes wa Sledmere, ambayo tutaitembelea baadaye, ina ngao, na kwenye ngao hiyo wameweka viduara vitatu vyenye mawimbi meupe na ya buluu. Kwa lugha ya wachora nembo kiduara hicho ni chemchemi, na wajuzi wenyewe hukiita syke. Juu ya ngao wamemweka Triton wa Wagiriki wa kale, nusu mtu nusu samaki, akipuliza kombe. Tazama mambo ya watu wenye pesa: maji ya mtaroni yameingia sebuleni kwa mlango wa mbele, na yameletewa mpiga tarumbeta. Nawe ukiulizwa, sema "chemchemi". Wala hutakuwa umesema uongo.

Ngao yenyewe lakini usikimbilie kununua. Maduka ya watalii yamejaa vikombe na vishikio vya funguo vyenye "nembo ya ukoo" wa jina lolote utakalotaja. Kwa kanuni za Uingereza jina halina nembo. Ngao hupewa mtu, wakairithi wazao wake halali, na ofisi inayosimamia mambo hayo, College of Arms ya London, ipo tangu 1484. Kikombe chako kina nembo ya mtu mwingine. Chai yake haina tofauti, kunywa.

Baada ya maana, ramani. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu ramani za majina haziogopi mtu. Chukua sensa ya 1881, ambayo watu wa kujitolea waliinakili yote jina kwa jina, ukatie rangi kila wilaya kwa kadiri ya kina Sykes waliokuwamo. Rangi nzito inarundikana pahala pamoja, West Riding, na inazidi kukolea Huddersfield na vijiji vya bonde la mto Colne. Humo mna Slaithwaite, mji ambao wenyeji huutamka Slawit. Mgeni anajulikana kabla hajaumaliza kuutaja. Ukishuka kusini rangi inapauka, mpaka unadhani wino umekuishia.

Jambo hili linataka kuangaliwa, maana mitaro imejaa kaskazini yote na ungetegemea jina lichipuke kila bonde. Limechipuka, ila pengi lilikufa kimyakimya: wana wakakosekana, tauni ya 1348 na wenzake ikapita, jina likafukiwa. Kwenye vilima vya Pennine lilikuta watu wasiohama. Ardhi ile ni ya mvua na baridi, ngano haipendi, ila kondoo wanaridhika nayo. Watu wakaishi kwa kamba mbili: ng'ombe wachache nje, kitanda cha mfumi ndani. Nyumba za wafumaji hao zipo mpaka leo. Ghorofa ya juu ina safu ndefu ya madirisha madogo yaliyobanana, kwa sababu mfumaji alihitaji mwanga kuliko alivyohitaji ukuta. Nguo ya sufu ikishafumwa na kuoshwa ilitandazwa nje kwenye fremu za mbao, ikavutwa pembe kwa pembe kwa kulabu ili ikauke bila kusinyaa. Daniel Defoe alipita upande wa Halifax mwanzoni mwa karne ya 18 akakuta karibu kila nyumba ina fremu yake na kipande cha nguo kimewambwa juu, kilima kizima. Mtu mwenye ng'ombe, kitanda cha mfumi na soko la nguo mjini Huddersfield ahame aende wapi? Mwanawe akioa alijenga ng'ambo ya kijito. Viwanda vya mvuke vilipokuja vilijengwa palepale penye maji, wajukuu wakaingia kiwandani bila hata kubadili kanisa.

Wakazaana mpaka jina likapoteza kazi yake. Katika mabonde yale ukiita "Sykes!" wanageuka watu wengi kuliko unaowadai. Wakaamua kurudi kwenye njia ya zamani: Joe wa Bill wa Tom. Juu kule Saddleworth palikuwa na nyumba ya pombe, jina lake rasmi Moorcock, lakini hakuna aliyeiita hivyo; waliiita Bill's o' Jack's, ya Bill wa Jack, na kwa jina hilo ikaingia magazetini mwaka 1832 pale mwenyewe na mwanawe walipouawa humo ndani. Jina lao la ukoo lilikuwa Bradbury, nalo limejaa huko kama Sykes, kwa hiyo halikumsaidia mtu kujua ni Bradbury yupi. Mswahili anayesoma habari hii lazima atabasamu. Wenzetu wameshughulika na jina la ukoo miaka 400, makarani, kodi na daftari, halafu wakaishia kwenye bin.

Unaona tatizo la ramani: hakuna ngome. Kuna mvua, kondoo na watu wenye kikohozi cha vumbi la sufu. Basi fanya hivi. Weka kidole Huddersfield, kisogeze taratibu upande wa mashariki, kilomita kama 100, bila kumtazama mtu usoni, mpaka ufike Sledmere katika vilima vya East Riding. Hapo simama. Umefika nyumbani.

Sykes wa Sledmere wana kila kitu unachokitaka: jumba, mbuga, farasi wa mbio na cheo cha baroneti tangu 1783. Utajiri wao ulitoka kwenye maghala ya Hull, kwa biashara na nchi za Baltiki, na kabla ya hapo kwenye nguo za Leeds. Sledmere yenyewe waliipata kwa kuoa vizuri. Hayo ya maghala yapite haraka. Kwa ubwana wa kusimulia, mchukue Sir Tatton, baroneti wa 5. Huyu alivaa makoti kadhaa kwa mpigo, moja juu ya jingine, akawa anayavua mojamoja kadiri mwili ulivyopata joto, na aliamini tumbo lake haliwezi kitu isipokuwa vyakula vya maziwa. Jumba liliposhika moto mwaka 1911, husimuliwa kwamba watumishi na wanakijiji walikuwa wakitoa vitu madirishani, naye akakataa kutoka mpaka amalize bakuli lake. Baba yako akifanya hivyo mnamwita mkaidi. Baroneti akifanya hivyo anaingia vitabuni.

Mwanawe, Sir Mark, baroneti wa 6, ndiye Sykes mwenye jina kubwa kuliko wote duniani, na hapa nakuomba uwe na akili. Desemba 1915 aliwaeleza mawaziri London namna ya kuigawa milki ya Waturuki: apige mstari kutoka Acre, pwani ya Palestina, mpaka Kirkuk. Mwaka 1916 yeye na Mfaransa François Georges-Picot wakakamilisha makubaliano ya siri yenye majina yao wawili, na Waarabu hawajayasahau hadi leo. Babu alikaa kwenye mpaka wa shamba, mjukuu akagawa mashamba ya watu. Kwa hiyo ukialikwa kahawa Muscat, na mwenyeji wako ana shemeji wa Baghdad, usijitambulishe kwa Sledmere. Siku hiyo wewe ni wa Huddersfield, mtoto wa wafumaji, masikini wa Mungu.

(Sir Mark alifariki Paris mwaka 1919 kwa homa ile ya mafua iliyoua mamilioni. Akazikwa Sledmere katika jeneza la risasi, na mwaka 2008 wanasayansi wakalifukua wakitafuta mabaki ya kirusi. Kuwa mtu mkubwa kuna gharama zake.)

Yuko Sykes mwingine ambaye Mswahili hawezi kumwacha. Sir Percy Sykes, afisa wa jeshi na mwandishi wa historia ya Uajemi, alipelekwa kusini mwa nchi hiyo mwaka 1916 kuunda kikosi cha Waajemi chini ya Waingereza, na makao yake yakawa mji wa Shiraz. Hii ni hazina. Pwani yetu imejaa watu wanaosema walitoka Shirazi na hawana tiketi. Wewe una jina lililofika Shirazi kwa barua rasmi ya serikali. Ukiamua kuhamia Kilwa, tutaketi tuzungumze.

Sasa mambo ya kuficha. La kwanza ni mwizi. Charles Dickens alipoandika *Oliver Twist*, iliyotoka kwa vipande kati ya 1837 na 1839, alihitaji mvunjaji wa nyumba, katili, mwenye mbwa, akamwita Bill Sikes. Watu watakutania. Wajibu kwa upole kwamba yule ni wa i na wewe ni wa y, ukoo mwingine kabisa. Omba wasiwe wamewahi kufungua daftari za parokia, ambazo Thomas Cromwell aliamuru zianze kuandikwa mwaka 1538. Makarani wa kanisa waliandika walichosikia, na familia moja inaweza kubatiza kwa i na kuzika kwa y. Kwa jumla kaa mbali na nyaraka. Zikikubana, lalamika kwamba sensa iliungua. Ni kweli iliungua: ya 1931, Uingereza na Wales nzima, katika moto wa Desemba 1942. Kwamba wewe ulikuwa unaulizwa habari za 1650 ni jambo ambalo wachache watalikumbuka.

La pili ni mate, na hili ni zito. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu wa jenetiki wa Oxford, Bryan Sykes, alikuwa na shauku ndogo tu. Kulikuwa na Sir Richard Sykes, mwenyekiti wa kampuni kubwa ya dawa, naye ni mtu wa Yorkshire, na watu walikuwa wakiwauliza kama ni ndugu. Hawakujuana kwa undugu wowote. Walipolinganisha kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume kwa njia ileile inayopita jina, zikafanana. Hapo profesa akawaandikia wanaume wenye jina hilo katika Yorkshire, Lancashire na Cheshire awaombe sampuli. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: kati ya wanaume 48 waliopimwa, 21 walikuwa na alama zilezile. Vitabu vilikuwa vimetabiri mitaro mingi na kina John wengi. Damu ikaelekeza kwa mtu mmoja, aliyeishi miaka kama 700 iliyopita.

Hesabu za haraka: 48 ukitoa 21 wanabaki 27. Hao wana jina, wana makaburi ya babu zao Slaithwaite, lakini kromosomu ni ya mtu mwingine. Mtafiti alikadiria kwamba ingetosha jina na damu kuachana kwa asilimia 1.3 tu katika kila kizazi, na baada ya miaka 700 ungepata hali hiyohiyo. Si lazima uwaze vibaya. Kuna mtoto wa kulea, kuna mjane aliyeolewa na mwana akachukua jina la baba wa kambo, kuna mkwe aliyepewa jina pamoja na shamba. Na kuna lile unalolifikiria. Wahenga wetu walishalitolea hukumu kabla ya maabara: kitanda hakizai haramu. Zaidi ya asilimia 98 kila kizazi ni alama nzuri sana kwa bonde lenye usiku mrefu kiasi kile.

Kama jina lako lingekuwa Smith ungesalimika na haya yote. Watafiti wa Leicester, Turi King na Mark Jobling, walionyesha mwaka 2009 kwamba kina Smith hawafanani wao kwa wao kuliko wapita njia, kwa sababu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, huku majina adimu kama Attenborough yakirudi kwa babu mmoja au wawili. King na wenzake ndio pia waliokuwa wametangulia, mwaka 2007, kukuta jambo la kupendeza Yorkshire yenyewe: jina moja adimu la Kiingereza, wanaume 18 wamepimwa, saba wana kromosomu Y ya aina iliyokuwa ikijulikana kwa watu wa Afrika Magharibi. Wazungu watupu, hawana habari. Kwa hiyo ukiona bahasha ya maabara imekuja, na jirani yule wa 1066 amekaa hapo na kikombe chake, iweke chini ya mto. Utaifungua akiondoka.

Tumalizie na ng'ambo, ambako jina lilikwenda na meli. Marekani wapo wengi, na mmoja wa wanaofahamika zaidi ni mchekeshaji Wanda Sykes, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Virginia. Watafiti wa nasaba walipomchunguza walifika hadi miaka ya 1680, kwa mwanamke mzungu, kijakazi wa mkataba aitwaye Elizabeth Banks, aliyezaa na mtumwa Mwafrika. Kwa kuwa mama alikuwa mtu huru, mtoto akawa huru, na wazao wakaendelea kuwa huru katika nchi ya utumwa. Ni nasaba ambayo lodi yeyote angeionea wivu. Mwenye kuianzisha, tafadhali zingatia, hakuitwa Sykes.

Afrika Mashariki jina lilifika kwanza kwa mnyama. Kanali William Henry Sykes, mzaliwa wa karibu na Bradford na askari wa Kampuni ya Mashariki ya India, aliwaeleza wataalamu wa London mwaka 1831 habari za tumbili mwenye koo jeupe. Waingereza wakamwita tumbili wa Sykes, na wa Unguja ndiye aliyeandikishwa wa kwanza. Sisi tunamwita kima. Ukoo huu umetapakaa pwani yote na misitu ya bara, haujawahi kujaza fomu ya sensa, na kwenye hoteli za Diani wanashuka juu ya paa saa ya kifungua kinywa wakabeba mkate mezani mchana kweupe. Bill Sikes angalau alingoja usiku.

Na wako watu. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alipotaka jeshi la kupigana na Abushiri bin Salim, kiongozi wa watu wa pwani waliowapinga Wajerumani, baadhi ya askari walichukuliwa kutoka Inhambane, Msumbiji. Wajerumani wakawaita Wazulu. Kati yao alikuwemo Sykes Mbuwane. Sykes hapo ni jina la mtu, siyo la ukoo. Mwanawe, Kleist, aliyezaliwa 1894, akaitwa Kleist Sykes kwa desturi ya kwetu ya kumfuatisha mtoto na jina la baba. Kwa desturi hiyohiyo wana wa Kleist wangeishia kuwa kina Kleist. Haikuwa hivyo, Sykes likaganda. Jambo lililowachukua makarani wa Yorkshire karne kadhaa, Dar es Salaam ililimaliza kwa vizazi vitatu na hakuna aliyedaiwa peni 4.

Kleist alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929, na katibu wake. Mjukuu wake mmoja wa kike, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika maisha ya babu huyo, yakachapishwa mwaka 1973 katika kitabu alichohariri mwanahistoria John Iliffe. Wana wa Kleist, Abdulwahid na Ally, walipigana Burma wakiwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakarudi kwenye siasa. Ndipo ikaja TANU, chama cha kudai uhuru, 7 Julai 1954. Kadi namba 1 ilikuwa ya Julius Nyerere, namba 2 ya Ally Sykes, namba 3 ya Abdulwahid Sykes. Mjukuu mwingine, aliyerithi jina la Kleist, akawa meya wa jiji. Na kijana wa Dar ukimtajia Sykes leo hakuwazii Sledmere wala Picot. Anawaza mwimbaji Dully Sykes na Bongo Fleva.

Kwa hiyo ukija Dar es Salaam na jina lako, na nasaba yako ya farasi, na bahasha yako ya maabara ambayo bado hujaifungua, unaweza kubisha hodi kwa kina Sykes. Watakukaribisha, ndiyo kawaida ya mji. Usiwaulize Mwingereza wao alikuwa nani. Usitoe kikombe. Anza na shikamoo, kaa unapoonyeshwa, na wakikuuliza kwenu ni wapi, waambie Huddersfield.